Kichwa kimeelewa, kifua hakijaelewa. Nani aliwahi kuishinda hofu kwa hoja peke yake?

#1 Nusu_Nuru
Wakuu, habari za muda huu.

Nahudhuria tiba ya mazungumzo, ile ya kuchambua mawazo. Tatizo langu ukilisikia utacheka: bosi akiniandikia "tuonane baadaye" bila kutaja ni kuhusu nini, siku yangu imeishia hapo. Tumbo linavuruga, vidole vinapoa, nausoma ule ujumbe tena na tena nikitafuta hasira ndani ya maneno mawili.

Mtaalamu wangu kanipa karatasi yenye safu. Safu ya kwanza tukio. Ya pili wazo lililokujia ("nafukuzwa") na unaliamini kwa asilimia ngapi. Ya tatu hisia na ukali wake. Kisha ushahidi unaoliunga mkono wazo, ushahidi unaolipinga, na mwisho unapima upya. Safari iliyopita niliandika wazo 90, hofu 85. Nikajaza ushahidi bila kujionea huruma: huyu bosi huwaandikia hivyo watu wote, vikao vilivyopita vilihusu ratiba na likizo, tathmini yangu ya kazi ni nzuri. Nikapima upya. Wazo limeshuka hadi 15. Hofu? 80.

Yaani nimekaa pale najua kabisa sifukuzwi, huku jasho la mtu anayefukuzwa linanitoka.

Dai langu: hoja haina mamlaka yoyote juu ya hisia, na tiba ya namna hii inakuna pasipowasha. Karibuni mnipinge.

#2 Fundi_Hoja
Nakupinga asubuhi na mapema.

Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Roma, alifundisha kwamba kinachomvuruga mtu si mambo yenyewe bali hukumu anayoyapa. Karne nyingi baadaye mwanasaikolojia wa Marekani, Albert Ellis, akaichukua hoja hiyo, na mwaka 1955 akaanza kuitumia kama tiba. Kwake kuna tukio, kuna imani, halafu kuna matokeo. Watu hudhani tukio ndilo linaleta matokeo. Katikati yake kuna imani, na ndiyo ya kushughulikiwa.

Sasa angalia karatasi yako. Ulichokanusha ni utabiri tu: "nafukuzwa". Hukumu hukuigusa. Hukumu ni ile inayosema "nikifukuzwa mimi si kitu" au "ni lazima watu waniridhie". Ellis alikuwa na ugomvi mkubwa na hayo ma-lazima. Kupenda usifukuzwe ni jambo la busara, kujiambia ni lazima usifukuzwe ndiko kunakokutoa jasho. Jiulize: tuseme umefukuzwa kweli. Halafu? Andika jibu la hilo, ndipo uje useme hoja haina mamlaka.

#3 ChekaNami
Nimesoma "tuonane baadaye" kwenye uzi wa mtu nisiyemjua na tumbo limenikata mimi. Hii tiba mnaigawa wapi?

#4 Mshauri_wa_Jioni
Kazi yangu ni ushauri nasaha, na hiki anachoeleza mleta uzi nakiona kila mara. Mtu anajaza safu zote vizuri kuliko mimi, anatoka mlangoni na hofu yake ileile.

@Fundi_Hoja umesema kweli nusu. Ellis mwenyewe alitenganisha kuelewa kwa kichwa na kuelewa kunakoingia kwenye hisia na vitendo, tena aliliandikia makala mwaka 1963. Hakuwahi kudhani kwamba ukishinda mabishano basi umepona.

Mtazamo wangu uko karibu na Edna Foa na Michael Kozak, walioandika mwaka 1986 kwamba hofu haibadiliki mpaka yatimie mambo mawili: kwanza iamshwe, pili ikutane na taarifa isiyolingana nayo ikiwa bado imeamka. Kubishana nayo ikiwa imelala unapata ushindi wa bure. Kubishana nayo ikiwa imepanda kileleni ni kumfundisha kuogelea mtu anayezama.

Kwa hiyo Nusu_Nuru, jambo ninaloliuliza silo uliloandika kwenye safu. Ujumbe ukiingia, unafanya nini? Unamuuliza mwenzako "unadhani ananiitia nini"? Unapitia barua pepe za zamani kutafuta kosa? Unamjibu bosi haraka na maneno ya kumlainisha? Kila kimojawapo kinakupa nafuu ya dakika chache, na kila kimoja kinauambia mwili kwamba hatari ilikuwepo kweli na umeponea chupuchupu.

#5 Nusu_Nuru
Mshauri, umeniwekea kamera? Vyote vitatu.

#6 Kitendawili
Kabla hatujamtawaza Ellis, tusimulie alivyoiponya aibu yake mwenyewe. Alipokuwa na miaka 19 alikuwa anaogopa kuzungumza na wanawake kiasi cha kuumwa. Akajiwekea sharti: kwenda kila siku kwenye bustani ya mimea ya Bronx pale New York, na kila mwanamke atakayemkuta peke yake kwenye benchi, aketi jirani na aanze mazungumzo. Kwa simulizi yake aliwasogelea wanawake 130. Thelathini waliinuka wakaondoka papo hapo. Mia moja aliongea nao. Mmoja tu alikubali wakutane tena, na siku ya siku hakutokea.

Aibu ikaisha. Sasa @Fundi_Hoja nionyeshe safu ya ushahidi iko wapi hapo. Baba wa tiba ya hoja alipona kwa miguu.

#7 Fundi_Hoja
Na miguu ilijipeleka yenyewe? Kitu gani kilimwambia kijana anayetetemeka aende kwenye benchi la 40 baada ya kukataliwa kwenye la 39? Hisia zake zote zilikuwa zinasema rudi nyumbani. Aliyesema "hakuna aliyekufa kwa kukataliwa, endelea" ni hoja. Umenisaidia kazi, ahsante.

#8 ChekaNami
130 halafu yule mmoja hakutokea. Huyu alistahili kuanzisha tiba yake mwenyewe, haki yake kabisa.

#9 Mpenda_Ubongo
Mnabishana kana kwamba hisia ni adui wa fikra. Someni kisa cha Phineas Gage, aliyeharibika sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yake ilibaki safi, hisia zikakatika. Matokeo? Akiulizwa achague siku moja kati ya mbili kwa ajili ya miadi, anatumia karibu nusu saa kuorodhesha sababu za kila siku bila kufikia uamuzi. Ondoa hisia, fikra inabaki inazunguka palepale. Hoja bila hisia haina mahali pa kusimama.

#10 Dokta_wa_Zamu
Mpenda_Ubongo umewachanganya watu wawili au watatu hapo.

Gage alikuwa msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka ikaupitisha mtaimbo kichwani mwake. Miadi haihusiani naye kabisa. Tena yale mambo ya kwamba aliharibikiwa moja kwa moja yana walakini: miaka yake ya mwisho alifanya kazi Chile akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi inayotaka ratiba, subira na kujua kuishi na watu. Alifariki 1860.

Kisa cha miadi kinatoka kwa daktari wa neva Antonio Damasio, kwenye kitabu chake cha 1994. Wengi humtaja Elliot, mgonjwa wake maarufu aliyeondolewa uvimbe kwenye ubongo, lakini huyu wa miadi Damasio hakumpa jina. Na kuna nusu ya kisa ambayo watu huiruka. Mtu huyohuyo alikuwa amefika hospitalini akiendesha gari kwenye barabara yenye barafu. Mbele yake gari la mwanamke mmoja liliteleza, mwanamke akakanyaga breki kwa woga, gari likazunguka likaishia mtaroni. Yeye akapita palepale kwa utulivu, bila breki, kama utaratibu unavyotaka. Ukosefu uleule wa hisia uliomwokoa barabarani ndio uliomkwamisha mbele ya kalenda. Mtu akikitumia kisa hiki kusema "hisia ni muhimu", awe tayari kukieleza chote.

#11 Mpenda_Ubongo
Jina libadilike, hoja ibaki palepale, Dokta. Na usisahau jaribio la karata la mwaka huohuo 1994 la Bechara na Damasio. Mafungu manne, mawili yana faida kubwa na hasara kubwa zaidi. Kwenye ripoti yao ya 1997, watu wazima wenye afya walianza kutoa jasho la mkono kabla ya kugusa mafungu mabaya, hata pale walipokuwa hawawezi kueleza kwa nini. Mwili ulitangulia.

#12 Kitendawili
Mwili ulitangulia au waliulizwa vibaya? Mwaka 2004 Maia na McClelland walirudia jaribio hilo wakiwauliza washiriki maswali ya kina zaidi kila hatua. Wengi walikuwa tayari wanajua fungu gani ni baya, tena mapema. Kama unauliza kwa mkato, unapata watu wanaoonekana hawajui.

#13 AsiyeNaHaraka
Nawasoma tangu mwanzo. Wote mmeanza na hofu isiyo na msingi, ndiyo maana hoja inaonekana mtu mzima na hisia mtoto. Mimi nina kisa cha upande wa pili.

Nilikuwa na mshirika kwenye biashara, rafiki yangu tangu masomoni. Kila tulipokaa kupitia hesabu kifua kilikuwa kinanibana. Kipindi hicho nilikuwa nimetoka kwenye tiba ya wasiwasi na nilikuwa hodari wa safu hizo za Nusu_Nuru. Nikazitumia. Ushahidi: hesabu zinajumlishika, hajawahi kuniangusha, mimi ni mtu wa wasiwasi kwa asili. Wazo lililosawazishwa: "ni ugonjwa wangu unaongea." Nikasaini mkopo wa pamoja.

Nilipokuja kujua fedha zilikokuwa zinakwenda, nilikaa nikakumbuka vile vikao kimoja kimoja. Kitu kilichokuwa kinanibana kilikuwa kidogo sana: kwenye mambo mengine yote alikuwa mtu wa kufikiri kwanza ndipo ajibu, lakini nikiuliza fedha alikuwa anajibu kabla sijamaliza swali. Macho yangu yaliliona hilo, kifua kikapiga kelele, na mimi nikakinyamazisha kwa mantiki nzuri kabisa. Wahenga walisema hasira hasara, sawa, lakini hakuna aliyenionya kwamba na utulivu una hasara yake.

#14 Fundi_Hoja
Pole sana dada. Naomba niulize kwa heshima: ni mara ngapi kifua kilibana na hakuna kilichotokea? Hizo hatuzikumbuki. Kengele inayolia kila siku, siku nyumba ikiwaka kweli haipati sifa.

#15 AsiyeNaHaraka
Swali zuri na nimeshajiuliza. Nyingi. Lakini wasiwasi wangu wa kawaida hauchagui, unanifuata kwenye simu, kwenye safari, kwenye afya ya watoto. Huu ulikuwa na anwani: mtu mmoja, mada moja. Akizungumzia kitu kingine unaondoka. Hakuna safu kwenye karatasi inayouliza "hisia hii inakuja wakati gani na wakati gani haiji". Wangeiongeza.

#16 Mshauri_wa_Jioni
@AsiyeNaHaraka hiyo safu wengine tunayo, ila nakiri si kwenye karatasi nyingi zinazosambazwa. Na nimtetee Aaron Beck kidogo, yeye ndiye aliyezipa umaarufu mbinu hizi kuanzia miaka ya 1960. Hakuwa anafundisha watu wafikirie mazuri. Alitaka wazo lichukuliwe kuwa ni dhana ya kupimwa, na dhana ikipimwa inaweza kukutwa ni kweli. Mgonjwa akisema "mume wangu hanijali", kazi ni kwenda kuangalia. Pengine kweli hamjali. Tatizo linaanza pale mtaalamu, au mgonjwa mwenyewe, anapoamua jibu kabla ya upimaji.

#17 KimyaKingi
Sijawahi kuchangia kwenye jukwaa hili, leo mmenitoa.

Mimi ni mtu wa hoja. Baba alipofariki, kila kitu nilikipanga mimi, orodha mkononi, simu hii nimalize, ile nianze. Watu wakanisifu kwa ukomavu. Miezi ikapita, nikawa silali, nikapelekwa kwa mtaalamu. Akaniuliza, "Unahisi nini ukimkumbuka baba yako?" Nikamjibu, "Nadhani ni kawaida, kwa umri wake na ugonjwa ule lilikuwa jambo la kutarajiwa." Akanyamaza kidogo, akasema, "Nimekuuliza unahisi nini, umenijibu unadhani nini."

Nilijaribu tena. Nikatoa maelezo mengine marefu zaidi. Akaniomba niache kueleza, niangalie tu mwili unafanya nini. Hapo ndipo nilipogundua meno yamebanana kiasi kwamba taya zinauma, na huenda zilikuwa hivyo kwa wiki kadhaa.

Ninachotaka kusema ni hiki: mnazungumza kana kwamba fikra ni hakimu anayekaa juu akizikagua hisia. Kwangu kuchambua ndiko kulikuwa kukimbia. Hoja zangu zote zilikuwa sahihi, na zilikuwa na kazi moja, kunizuia nisilie.

#18 Nusu_Nuru
KimyaKingi, karibu sana na pole kwa msiba.

#19 Dokta_wa_Zamu
Pole ndugu. Kwa wanaopenda kusoma, Peter Sifneos miaka ya 1970 aliwapa jina watu wanaopata taabu kutambua na kueleza wanachohisi: aleksithimia. Si kwamba hawana hisia. Mapigo ya moyo yanapanda, tumbo linauma, lakini hawana maneno, na wengi huishia kwa madaktari wa tumbo na moyo. Sisemi KimyaKingi anayo, majonzi peke yake yanaweza kufanya hivyo.

Na kuhusu kutaja hisia: mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au woga wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walioitaja hisia kwa neno, amigdala (sehemu ndogo ndani ya ubongo inayohusika na kuitikia hatari) ilipunguza kazi na sehemu fulani ya mbele ya ubongo ikaongeza. Hawakubishana na hisia, waliitaja tu.

#20 Mpenda_Ubongo
Ndiyo, kwa sababu ubongo wa binadamu ulipotaja ulikuwa unautuliza ubongo wa mjusi ulio ndani.

#21 Dokta_wa_Zamu
Na mjusi naye umemleta. Hiyo ya tabaka tatu, la mjusi, la mamalia na la binadamu, ni ya Paul MacLean, na wanaochunguza mageuko ya ubongo waliiacha zamani. Ubongo haukujengwa kwa kuongezwa ghorofa. Hata kuiita amigdala "kituo cha hofu" Joseph LeDoux, ambaye utafiti wake ndio ulioipa umaarufu, amekuwa akiwaonya watu waache. Kuna mwanamke anayejulikana kwenye tafiti kwa herufi SM, amigdala zake za pande zote mbili zimeharibika kwa ugonjwa adimu. Nyoka hamwogopi, buibui hamwogopi. Mwaka 2013 watafiti walimvutisha hewa yenye kaboni dioksidi nyingi, akapata kihoro kikali cha kukosa pumzi. Kwa hiyo hofu ilikuwa na mlango mwingine.

#22 ChekaNami
Mjusi nimemhurumia. Tukirudi kwa sisi wa kawaida: mimi dawa yangu ni kutofikiria kabisa. Linakuja, nalifukuza.

#23 Kitendawili
Jaribu kutofikiria dubu mweupe kwa dakika tano. Daniel Wegner aliwapa wanafunzi kazi hiyo mwaka 1987, wapige kengele kila dubu akija. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, aliwajia kwa wingi kuliko waliokuwa huru tangu mwanzo. James Gross naye akaja kuonyesha mwaka 1998 kwamba anayeizuia hisia isionekane usoni, haipungui ndani na mwili unazidi kufanya kazi, ilhali aliyelitazama jambo kwa sura nyingine mapema kabla halijapanda, hupata nafuu kweli. Neno lenyewe la kuangalia hapo ni "mapema".

#24 ChekaNami
Sasa dubu ameketi hapa ofisini kwangu. Asanteni sana wataalamu.

#25 MzeeWaPembeni
Vijana, mnatafuta kitu ambacho hata Charles Darwin kilimshinda. Mwaka 1838 alichukua karatasi akagawa pande mbili, kuoa na kutooa. Upande wa kuoa akaandika watoto, mtu wa kuzeeka naye, tena akaongeza kwamba mke ni bora kuliko mbwa kwa vyovyote vile. Upande wa kutooa akaandika uhuru wa kwenda atakako, mazungumzo ya watu werevu klabuni, fedha za vitabu. Mwisho akahitimisha: oa, oa, oa. Januari 1839 akamwoa binamu yake, Emma Wedgwood.

Mnadhani karatasi ndiyo iliyoamua? Kipenda roho hula nyama mbichi. Mtu anaamua, kisha anatafuta karatasi.

#26 AsiyeNaHaraka
"Bora kuliko mbwa." Emma aliiona hiyo karatasi kweli?

#27 Fundi_Hoja
Mzee shikamoo. Lakini kama alikuwa ameshaamua, kwa nini aliandika upande wa pili kwa umakini hivyo? Mtu anayejidanganya huandika upande mmoja mnono na wa pili mwembamba. Wa Darwin ulikuwa na mambo ya maana. Kuandika kulimsaidia kuona anachopoteza.

#28 MzeeWaPembeni
Marahaba. Na bado alioa.

#29 Gonga_Mlango
Mimi naongea kama mtu wa jukwaani, kazi yangu ni kupiga ala mbele ya watu. Miaka yote hofu ilikuwa inaanzia mikononi: mikono ikitetemeka, ndipo akili inasema "leo unaaibika". Daktari akaniandikia propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, dozi ndogo ya kumeza kabla ya onyesho. Mikono ikatulia, na yale mawazo ya aibu hayakuja. Sikubishana na wazo hata moja. Kwa hiyo mpangilio wa Ellis kwangu uko kichwa chini: mwili kwanza, imani baadaye. William James alishasema mwaka 1884 kwamba hatutetemeki kwa sababu tunaogopa, tunaogopa kwa sababu tunatetemeka.

#30 Dokta_wa_Zamu
Msiende kuinunua kienyeji tafadhali. Propranololi inaweza kumbana kifua vibaya mwenye pumu, na kwa wenye mapigo ya moyo ya chini ni hatari. Gonga_Mlango alipimwa kwanza, hilo ndilo la kuiga.

Kuhusu James: wapo waliovunjika uti wa mgongo, ubongo haupati taarifa nyingi kutoka chini ya shingo, na bado wanaripoti hofu na mapenzi. Kwa hiyo mwili unachangia, lakini kusema ndiyo chanzo chote ni kuvuka mpaka.

#31 Nusu_Nuru
Nimerudi. Nimefanya zoezi la Fundi_Hoja la #2: tuseme nimefukuzwa kweli, halafu?

Nilidhani nitaandika kodi na madeni. Niliandika mistari miwili ya hayo, mkono ukasimama. Mstari wa tatu ulikuwa: "Nitamwambia nini mama." Nilipouandika hofu ilipanda, hata sikuona haja ya kuipima, na machozi yakaja. Mama ndiye aliyekuwa anasema nyumba nzima kwamba mimi sitadumu popote. Nilikaa na ule mstari kama robo saa. Ikashuka. Leo asubuhi ujumbe wa aina ileile umeingia, hofu imekuja 50. Sikumuuliza mtu, sikupekua barua pepe.

#32 Fundi_Hoja
Naomba wajumbe waandike kwenye kumbukumbu. Imani iliyokuwa inaendesha mtambo imepatikana, na haikuwa "nafukuzwa". Ilikuwa "nikifukuzwa, mama alisema kweli". Hoja imefika mahali pake, hofu imeshuka.

#33 Mshauri_wa_Jioni
Fundi, soma tena. Hakuna mahali aliposema ameikanusha. Alikaa na mstari unaomtisha robo saa bila kukimbia, mpaka ukashuka wenyewe. Halafu leo ameacha vile vitu vitatu. Huko ni kuikabili hofu, tena kwa kiwango kizuri. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliitenganisha tiba ya Beck vipande kwa wagonjwa wa sonona: kundi moja likapewa tiba nzima, jingine likapewa sehemu ya vitendo peke yake, bila kubishana na mawazo. Mwisho wa tiba hawakupishana kwa maana yoyote. Nusu_Nuru hongera, na mambo ya mama tafadhali yapeleke kwa mtaalamu wako, usiyaache humu.

#34 KimyaKingi
Au alilia tu. Nyote mmeruka machozi.

#35 Dokta_wa_Zamu
Au ameitaja. Alikuwa na "hofu" tupu, sasa ana sentensi yenye mtu na maneno. Angalia #19.

#36 Kitendawili
Tukio moja, wadai wanne. @Fundi_Hoja nina swali na nataka jibu lisilo na mashairi. Hofu ikipungua baada ya mtu kubadili imani, unasema ni imani. Hofu ikipungua bila yeye kubadili imani yoyote anayoijua, utasemaje?

#37 Fundi_Hoja
Nitasema imani ilibadilika bila yeye kuiona. Imani nyingi hazina sauti. Mwili ulipokaa na ule mstari na nyumba haikuanguka, kuna hukumu iliyoandikwa upya chini kwa chini.

#38 Kitendawili
Ndilo nililolitarajia. Miaka ya 1980 Robert Zajonc na Richard Lazarus walikwama mahali hapohapo. Zajonc akaonyesha watu wanapenda maumbo waliyoonyeshwa haraka mno kiasi cha kutoyatambua, akasema hisia haihitaji fikra. Lazarus akajibu kwamba fikra ilikuwepo, ila ya haraka na isiyojulikana. Kama "imani" inajumuisha na ile ambayo mwenyewe haijui, haina maneno, na inabadilika bila hoja, basi niambie inatofautiana na hisia kwa kitu gani. Taja kimoja.

#39 MzeeWaPembeni
Hapo pazito.

#40 Fundi_Hoja
Inatofautiana kwa sababu inaweza kuwa kweli au uongo. Hofu haiwi uongo, inakuwa tu kali au dhaifu. Imani ya AsiyeNaHaraka kuhusu mshirika wake ilikuwa kweli.

#41 AsiyeNaHaraka
Usinitumie mimi, kaka. Imani niliyokuwa nayo ilikuwa "ni rafiki yangu, hesabu ziko sawa". Kilichokuwa kweli ni kifua.

#42 Fundi_Hoja
Ngoja nikajipange, narudi.